Paipu Zilizorudi Safi

Kituo cha utafiti, 9 Januari

Shemeji,

Shikamoo. Najua umeitika huku umekunja uso.

Nasikia simu yako imeangukia kwenye mashine ya kusaga mawe ikatoka kokoto. Dereva wa lori ndiye aliyenisimulia hapa gatini, akicheka mpaka machozi. Basi tutaandikiana, yeye atabeba. Huku kisiwani nako mtandao unapatikana ukipanda juu ya tangi la maji, na mimi mtu mzima sipandi matangi.

Nina shida. Dereva atakupa paipu mbili za plastiki. Chini zimezibwa, juu ziko wazi. Nakuomba usimike moja kwenye kijito huko juu, maji kabla hayajafika machimboni kwenu. Ya pili, yenye rangi nyekundu, usimike chini ya pale mnapooshea kokoto. Zikae wima, midomo ikitazama juu. Ziache humo mpaka mwezi wa pili uishe, kisha zitoe, zifunge kwa vifuniko vyake, mpe Dereva. Mtu asizifungue njiani.

Ni za nini, usiniulize. Usilolijua hulisemi. Nyapara akikubana utamwambia hujui, na itakuwa kweli. Sitaki upoteze kazi kwa ajili yangu.

Kikohozi vipi?

Mimi, kwa jina ulilonipa,
Mganga wa Mawe


Machimboni, 17 Januari

Shemeji,

Marahaba. Paipu nimezisimika. Ya juu iko karibu na daraja la mbao. Ya chini iko chini ya mfereji wa kuoshea kokoto. Zimekaa wima kama askari.

Nyapara aliuliza. Nikamwambia mtego wa kamba. Akasema nikiwapata nimletee.

Sikuulizi ni za nini. Nadhani mnaipima hiyo plastiki kama itaoza. Ni nene, haiozi leo wala kesho. Lakini wewe ndiye uliyesoma.

Watu hapa hawaamini kwamba kuna mtu anasomea mawe ya baharini mpaka anaitwa daktari. Mwenzangu wa zamu kauliza, yakiumwa yanalazwa wodi gani? Nikamwambia wodi ya wanaume, maana hayasemi yanapoumia. Mimi nayavunja, wewe unayatibu. Dada yako alikuwa anasema sisi wawili ni hasara na faida kwenye nyumba moja.

Nyumba iko kimya. Jirani kaniletea chakula kwenye bakuli lake. Nimelisugua, nimetia mayai, nimelirudisha. Bado namsikia marehemu: "Chombo cha watu kirudi kisafi, na kisirudi kitupu." Nikiweka sahani chafu hata dakika moja nageuka nyuma kuangalia mlango.

Kikohozi ni vumbi tu. Likichoka litaacha.

Mvunja Mawe


Kituo cha utafiti, 6 Februari

Shemeji,

Mwambie mwenzako wa zamu mawe yangu hayalazwi, yanaumwa yakiwa yamesimama pale pale. Na siyo mawe matupu. Tumbawe ni jiwe lenye ngozi, na ile ngozi ni wanyama wadogo wadogo, kila mmoja na mdomo wake, wamebanana kama wapangaji. Wanajijengea nyumba ya jiwe chini yao, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Wakifa nyumba inabaki, ila ndani hamna mtu. Na samaki nao wanahama. Nani anakaa mtaa wa magofu?

Nilipokuja hapa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, mwamba ulio hai ulianzia mdomo wa mto ukaenda mpaka macho yanachoka. Leo kilichobaki ni upande mmoja. Naogelea mwanzo hadi mwisho bila kuhema. Kuna tumbawe moja kubwa, la mviringo, pana kama kile kitanda chenu. Lilikuwepo kabla babu zetu hawajazaliwa. Nimelipa jina. Jina sikuambii.

Yanakufa, shemeji. Sababu naijua, lakini kujua ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine. Kamati ya mazingira inakaa mwezi wa tatu. Ikinisikia, yatapona. Isiponisikia kabla ya mvua kubwa, sitakuwa mtafiti tena, nitakuwa mlinzi wa makaburi. Miaka yangu yote iko pale chini.

Kwa hiyo nabadilisha kitu kimoja. Paipu usinitumie mimi. Dereva azipeleke moja kwa moja ofisi ya kamati, mwenyekiti azifungue kwa mkono wake mbele ya watu wote. Asije mtu akasema mimi nimetia mkono wangu.

Jipake mafuta kifuani. Hata kama hutaki.

Mganga wa Mawe


Machimboni, 1 Machi

Shemeji,

Paipu zimeondoka leo. Dereva kaambiwa ofisi ya kamati, siyo kwako. Barua hii atakuletea gatini akipata zamu ya huko.

Nakuhakikishia plastiki haijaoza. Haina hata ufa. Lakini zilikuwa chafu, acha. Ya juu ilikuwa na uchafu kidogo. Ile nyekundu ilijaa tope mpaka shingoni, tope la kijivu, zito kama zege. Nikaona aibu. Zinakwenda ofisini kwa wakubwa, zitafunguliwa mbele ya watu, kisha waseme shemeji yake daktari ni mtu wa namna gani?

Nimemwaga. Nimesugua kwa mchanga, nikarudia kwa sabuni na kitambaa kwenye fimbo mpaka chini kabisa. Nikazianika. Ziko kama zilivyotoka dukani.

Na hazikurudi tupu. Humo ndani utakuta kitu kidogo. Nimekaanga mwenyewe.

Nakuombea hiyo kamati ikusikie.

Mvunja Mawe


Kituo cha utafiti, 15 Machi

Shemeji,

Barua yako ya sabuni nimeipata leo. Kamati ilikaa wiki iliyopita. Ningeipata kabla, nisingekanyaga kile chumba.

Ngoja nikueleze, maana hukuwepo. Meza ndefu, feni inagonga. Upande huu mimi na ramani yangu. Upande ule watu wa kampuni yenu na wakili wao, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Nikasema: kinachoua matumbawe ni unga wa mawe. Wanaosha kokoto, maji ya kuoshea wanayamwaga kijitoni, kijito kinaingia mtoni, mto unakuja kulala juu ya mwamba wangu. Sitaki machimbo yafungwe, nina ndugu anakula pale. Nataka kampuni ichimbe bwawa, maji yatulie humo, tope libaki chini, yatoke yakiwa safi. Bwawa tu.

Wakili akasema tope ni la mashamba ya juu. Kampuni inakipokea kijito kikiwa kichafu na kukiacha vile vile.

Nikasema, vizuri, basi tufungue. Paipu moja imekaa juu yenu, moja chini yenu. Tulinganishe tope kwa tope.

Mwenyekiti akashika ile nyekundu. Akaifungua, akaiinamisha juu ya karatasi nyeupe. Ukadondoka mfuko wa karanga.

Feni ikawa inagonga. Wakili akainua paipu, akaingiza pua. "Sabuni ya kufulia," akasema. "Daktari, hili ndilo tope letu?" Mmoja wao akafungua mfuko akatafuna. "Lakini zimeiva sawasawa." Chumba kizima kikacheka. Mwenyekiti naye, mzee wa watu asiyecheka hovyo, akaziba mdomo kwa faili.

Wameahirisha mpaka baada ya mvua. Baada ya mvua, shemeji. Unaelewa?

Nakuuliza neno moja, unijibu bila kuzunguka. Nani alikutuma uzioshe? Nyapara amekupa nini? Nimekulia nyumbani kwako tangu nina meno ya utoto. Nilidhani nakufahamu.

Daktari


Machimboni, 24 Machi

Wewe,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili nimeshindwa.

Hakuna aliyenituma. Nyapara hajawahi kunipa kitu. Hata pole ya msiba hakunipa.

Uliniambia weka, toa, funga, tuma. Ni za nini, ukasema nisiulize. Sikuuliza. Nimekuta tope ndani ya chombo cha mtu, nimeosha. Nimekaa na dada yako ndoa nzima, unajua alivyokuwa. Mtu akirudisha sufuria yetu na doa alikuwa halali. Ungeniambia unataka tope ningekuletea lori zima, na mimi nimekaa juu yake.

Ulinificha ili unilinde. Hivyo analindwa mtoto. Mimi nimekushika mkono kukuvusha barabara kwenda shule, leo unaona sina kifua cha kutunza neno. Kifua changu kibovu, lakini si kwa hilo.

Karanga nilizikaanga jikoni kwake, kwenye kikaango chake. Moshi ulinipiga kikohozi mpaka nikakaa chini. Nikasema yule kule kisiwani hana wa kumkaangia. Basi wamekula wao. Na wakacheka.

Leta paipu nyingine.

Mvunja Mawe


Kituo cha utafiti, 1 Aprili

Shemeji,

Shikamoo.

Nimeandika majibu nikachana, nikaandika nikachana. Lililobaki ni hili: nimekukosea. Nilimwogopa nyapara mpaka nikasahau ninayemwandikia. Mwenye kosa la paipu ni mimi, na lile neno la "amekupa nini" naomba ulitoe moyoni. Sina namna ya kulirudisha mdomoni.

Hizi hapa paipu mbili. Ninachotaka ni tope. La juu ni la mashamba, la chini ni la kwenu, nataka kuyaweka pamoja mtu ayaone kwa macho. Usimwage, usioshe, usitie karanga. Mwenyekiti amekubali kukaa tena mwezi wa tano zikifika, ila alisema bila kunitazama usoni.

Mvua imeanza. Maji ya mto yanaingia baharini na rangi ya saruji. Matumbawe yanapigana. Yanatoa ute, yanalisukuma lile tope litoke juu ya ngozi, kama mtu anavyojifuta uso akiamka. Likirudi yanafuta tena. Lakini ute ni nguvu yao wenyewe, wanautoa mwilini, na mtu hawezi kujifuta uso usiku na mchana bila kulala. Nashindana na uchovu wao.

Usiingie majini mvua ikiwa kubwa. Paipu ikichukuliwa, acha iende.

Mganga wa Mawe


Machimboni, 27 Aprili

Shemeji,

Lile neno nilishalitoa. Tuendelee.

Tope lako hilo. Ya chini imejaa mpaka mdomoni. Ya juu hata nusu haikufika. Sijazigusa kwa ndani hata kwa ukucha. Kwa nje pia sijafuta, utanisamehe, zinachafua mikono.

Kijito kilifurika. Ile nyekundu ilitaka kwenda, nikaishikilia kidogo. Hakuna shida.

Kazi inaendelea vizuri. Nyapara hajambo. Kikohozi hakipo.

Umeona? Safari hii haikurudi tupu.

Mvunja Mawe


Gatini, 29 Aprili

Dada Daktari,

Mimi dereva, siyo mwandishi. Paipu zako nimezibeba kwenye kiti cha abiria na mkanda nimezifunga. Hata matuta nimeyapita kwa adabu. Mke wangu sijawahi kumbeba hivyo.

Shemeji yako kaniapisha nisikuambie. Kwa hiyo sikuambii, nakuandikia.

Amefukuzwa kazi. Mvua ya wiki ile nyapara alimkuta kijitoni, maji yamemfika kifuani, kaikumbatia paipu kama mtu kakumbatia nguzo ya nyumba inayokwenda. Akamwuliza, huo ndio mtego wako wa kamba? Shemeji yako akajibu, "Hapana. Hili ni tope lenu linakwenda kwa kamati." Basi. Akaambiwa atoke majini, arudishe beleshi na kofia. Paipu hakuiachia.

Tangu siku hiyo amelala. Homa inakuja inakwenda. Kikohozi unakisikia kabla hujafika mlangoni. Nikimwambia twende hospitali anasema nina gari la kokoto, siyo la wagonjwa.

Mimi nimeyasema. Unitunzie heshima yangu.

Dereva


Kituo cha utafiti, 4 Mei

Kaka Dereva,

Asante kwa kuniandikia bila kuniambia. Na mimi nakuandikia hivyo hivyo, usimwambie.

Jana bahari imetulia, nikazama. Upande wa mto hakuna kilicho hai. Tope limelala juu ya mwamba kama blanketi juu ya mtu. Nikilipunga kwa mkono linapanda, na ngozi ya tumbawe inapanda nalo, vipande vipande, kama karatasi iliyoloa. Harufu yake inakufuata mpaka kwenye boti. Lile kubwa nililokuwa nalipenda limebakiwa na kiraka kimoja juu kabisa, kadiri ya kiganja. Sikukaa kukiangalia.

Siku ile alipokuwa amekumbatia ile paipu, huku yalikuwa yanakata roho.

Usimwambie. Amepoteza mke, amepoteza kazi, sasa nimwambie alisimama majini bure? Paipu nitazipeleka hivyo hivyo. Kamati ikikaa nitasema nilichokuja kusema.

Mpeleke hospitali, kwa nguvu ikibidi. Mwambie lori limeharibika na fundi yuko karibu na hospitali. Atakuamini, yeye anaamini watu.

Daktari


Kituo cha utafiti, 20 Mei

Shemeji,

Shikamoo, na habari njema.

Kamati imekaa. Mwenyekiti amezifungua mwenyewe. Tope la juu, jekundu, kidogo, lina majani na mizizi. Tope la chini, kijivu, limejaa, laini kama unga. Akayamwaga kwenye sahani mbili nyeupe. Nami nikaweka ya tatu katikati, tope nililolitoa juu ya mwamba. Mtoto wa darasa la kwanza angekuonyesha zipi ni ndugu. Wakili alikuwa na viatu vile vile, ila hakucheka. Akauliza tu nani aliyezisimika. Nikasema mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua.

Kampuni imeamriwa ichimbe bwawa. Umelichimba wewe hilo, kabla hata jembe halijagusa ardhi.

Huku mawe hayajambo. Yanakusalimia.

Afya?

Mganga wa Mawe


Nyumbani, 9 Juni

Shemeji,

Homa imeisha. Hospitali nilikwenda. Lori halikuwa limeharibika, niligundua tulipofika. Wamepiga picha ya kifua. Daktari wa watu kanionyesha, mapafu yangu yana madoa meupe kama kuta zilizopakwa chokaa na mtu mvivu. Kasema ni vumbi na halitoki. Nimekuandikia hivyo ili tuache kudanganyana.

Kazi nilifukuzwa. Unajua. Dereva anaweza kuficha mafuta ya bosi wake, siri hawezi.

Kwa hiyo na ya kwako ninayo.

Jumamosi alinipakia nikaja gatini. Wewe ulikuwa mjini. Mwenye boti wenu akanipeleka mwambani, maji yalikuwa machache. Akanivalisha kile kioo cha kuzamia, akanishika mkanda wa suruali, akaniambia inama. Nikatia uso.

Sijawahi kuona bahari kwa ndani. Nilidhani nitaona mambo nisiyoyajua. Nimeona uwanja wetu wa machimbo. Rangi ile ile. Ni lile vumbi lililo juu ya bati langu, kwenye shuka, kwenye makohozi. Maisha yangu yote nimevunja mawe nikadhani vumbi linaishia kwangu.

Uliniandikia hayajambo. Sikulaumu. Na mimi nilikuandikia kikohozi hakipo. Tumeambukizana.

Sasa sikiliza. Bwawa limeanza. Vibarua wamekosa, kazi ya tope hawaitaki, nyapara kaniita. Nimekwenda. Kasema tuchimbe kina cha magoti, maji yaonekane, kamati ikija ipige picha iondoke. Mimi nataka kujua kina chake cha kweli. Niandikie. Na uniandikie ni la nini, hata kama najua.

Mvunja Mawe


Kituo cha utafiti, 20 Juni

Shemeji,

Shikamoo.

Kina kipite kichwa chako ukiwa umesimama. Urefu uwe mara kumi ya upana wa nyumba yako. Maji yaingie upande mmoja polepole, yatoke upande wa pili juu juu, kama unavyomimina chai bila majani. Tope ni zito, likipewa muda linashuka lenyewe. Bwawa la magoti halilipi muda. Litajaa mvua ya kwanza, na ya pili itapita juu yake.

Ni la nini. Yaliyokufa hayarudi. Sitakudanganya tena. Lakini ng'ambo ya mwamba, mbali na mto, yapo machache yaliyosalia, na kila mwaka yanazaa, watoto wao wanaelea majini wakitafuta jiwe safi la kukaa. Mtoto wa tumbawe hakai juu ya tope. Jiwe likiwa safi atakaa. Mimi sitaliona likiwa mwamba, wewe pia. Wanaolipa mshahara wangu nao hawataliona, ndiyo maana kituo kinafungwa mwezi wa tisa. Hilo nalo sikuwa nimekuambia.

Nakurudishia paipu yako nyekundu. Nimeiosha. Haikurudi tupu. Ndani kuna kipande cha lile kubwa, lilipovunjwa na mawimbi baada ya kufa. Jina lake uliwahi kuliuliza kwa kunyamaza. Nililiita jina la dada. Nilikuwa nikizama asubuhi namwambia habari zako.

Mganga wa Mawe


Nyumbani, 3 Julai

Shemeji,

Umelipa jiwe jina lake. Angekugombeza. Halafu angeuliza kama linafutwa vumbi.

Bwawa limeishia kifuani kwangu. Nyapara kasema basi, inatosha. Nikamwambia haitoshi, nikamweleza sababu yote, ya chai na majani, ya watoto wa matumbawe. Akanitazama kama nimelewa. Mwenzangu wa zamu, yule wa wodi, akaniuliza, watoto wa mawe wanaelea? Nikamwambia wanaelea. Akachukua beleshi akashuka. Tukachimba wawili mpaka jioni, kisha wakafungulia maji tukiwa bado ndani. Tukatoka mbio. Kamati ilikuja jana. Wamepiga picha.

Kwa hiyo ni kifuani. Siyo kichwani. Nimekuandikia ilivyo.

Kituo kikifungwa, chumba chako kipo. Godoro nimelianika.

Kipande kimefika. Nimekitoa mchana, nikakiweka mezani. Mashimo madogo madogo, kama yametobolewa kwa sindano, mtu hawezi kuyatoboa. Kila shimo lina tope letu ndani. Nikaleta beseni, nikaleta sabuni na ule mswaki wa marehemu wa kusugulia birika. Nikaloweka mswaki.

Kisha nikayamwaga yale maji nje.

Nimekiweka kabatini, kwenye bakuli lake la maua. Nimekiacha na tope lake.

Mvunja Mawe